Harusi Zanzibar: maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu kuchagua sehemu

Naratibu harusi hapa kisiwani, na wanaonipigia wengi hawaishi hapa. Wapo wa Nairobi na Mombasa, wapo wa Kampala, na wapo watoto wetu walioko London, Hamburg, Muscat na Minnesota wanaotaka kuolewa karibu na nyumbani ila siyo nyumbani kabisa. Maswali yenu yanafanana sana, kwa hiyo nimeyakusanya hapa ili nisijirudie kwenye voisi za dakika nane.

## Mwanzo kabisa

Kwani lazima iwe Zanzibar?

Hapana. Kama nusu ya ukoo uko Tanga na Dar na mnataka bahari ya nchi nyingine, Diani ya Kenya panafikika kwa gari, mnavuka Horohoro mnatokea Lungalunga. Lamu nayo ni tamu kwa watu wachache wasioogopa boti na punda. Mimi nazungumzia Zanzibar kwa sababu ndipo nilipo na ndipo ninapojua mlango wa nyuma wa jiko.

Nianze na sehemu, au nianze na tarehe?

Anza na watu. Najua ushaona picha Instagram, kitambaa cheupe kinapepea, maji ya buluu, na moyo ushahamia pale, lakini kaa chini uandike majina ya watu ambao wasipokuwepo hutasema umeolewa. Kwa kawaida hayazidi kumi na tano. Mama, baba, bibi aliyekulea, kaka mkubwa, shoga yako wa tangu shule. Jiulize kila mmoja anatoka wapi, ana pasipoti au hana, magoti yake yana hali gani, anapata likizo lini. Halafu ndiyo tarehe, halafu ndiyo sehemu. Wanaoanza na sehemu hunipigia tena baada ya miezi mitatu kuniuliza kama hoteli inarudisha pesa.

Nyumbani tungealika mia tatu. Huku watakuja wangapi?

Kwa harusi nilizosimamia, arobaini hadi sitini, na hapo ni familia inayopendana. Watakaosema "tutakuja, Inshallah" kwenye grupu la WhatsApp wasikutie presha wala matumaini, mhesabu aliyekutumia tiketi. Usilipie sehemu ya watu mia na hamsini kwa sababu ya emoji za mikono.

Michango tunachangisha kama kawaida?

Hili gumu kidogo. Mtu akishanunua tiketi na kulipia chumba, kumfuata tena na kadi ya mchango ni kumkaba. Wengi wanafanya hivi: kamati inakaa nyumbani, send-off au ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) inafanyika nyumbani na michango yake, huku wanakuja wanaoweza na hawadaiwi kitu. Shangazi ambaye hakusafiri amekula pilau yake na amecheza, hana neno. Ukifanya ya Zanzibar peke yake bila ya nyumbani, hayo maneno utayasikia mpaka mtoto wa pili.

## Bahari, upepo na jua

Upande upi wa kisiwa ni mzuri?

Inategemea unataka jua lichwee wapi. Nungwi na Kendwa, kaskazini, unaliona linazama baharini, na maji hayaendi mbali. Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe na Kiwengwa ziko mashariki, jua linachomoza baharini na jioni linazama nyuma yako huko minazini. Mtu anapanga viapo vya machweo Paje halafu anauliza jua liko wapi, jua liko mgongoni kwa mpiga picha, mpenzi. Ukitaka utulivu wa mashariki na machweo yake kuna Michamvi Kae, ule upande wa rasi unaotazama ghuba.

Nungwi na Kendwa ni kuchangamfu sana, na Kendwa kuna pati kubwa ya mwezi mpevu kila mwezi. Kama baba mkwe ni mzee wa kanisa, kwanza uliza hiyo pati inaangukia Jumamosi ipi. Kutoka uwanja wa ndege mpaka Nungwi weka saa moja na nusu, Paje kama saa moja.

Nimeambiwa bahari "inakimbia". Ni kweli?

Ni kweli na hili ndilo swali ambalo ningetamani lingekuwa la kwanza. Maji huku yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kipindi cha bamvu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita nne. Upande wa mashariki ambako fukwe ni bapa, maji yakipwa yanarudi mpaka kule mwambani, unabaki na mchanga, mawe na mwani.

Nilipokuwa bado naanza kazi nilikuwa na harusi Jambiani. Tarehe ilichaguliwa kwa sababu ni siku aliyozaliwa mama wa bibi harusi, saa kumi na moja jioni, viti vinatazama baharini. Hoteli haikusema kitu na mimi sikuuliza. Wageni wamekaa, bahari haipo. Pale palipotakiwa kuwa na maji watoto wa kijiji walikuwa wamehamishia mpira wao, goli ni ndala mbili, na katikati ya viapo mpira ukaja taratibu mpaka chini ya lile tao la maua ukasimama kwenye pindo la gauni. Kila mtu kimya. Bwana harusi akautazama, akawarudishia kwa mguu wa kushoto, wageni wakapiga vigelegele. Ikaishia kucheka, ila video ya machozi aliyoitaka bibi harusi hatukuipata.

Sasa wavuvi hawahitaji programu ya simu kujua haya, wanatazama mwezi. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, huku kwetu maji hujaa mida ya saa kumi alasiri na hupwa mida ya saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa, kwa wastani dakika hamsini hivi. Kwa hiyo ukitaka mashariki na ukitaka maji yawepo saa kumi na moja jioni, chukua siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Ukichukua baada ya mwezi mpevu unapata na zawadi, mwezi unatoka baharini wakati watu wako mezani. Siku za nusu mwezi ndizo za maji mafu, yanapwa jioni hiyohiyo unayoitaka, hayaendi mbali kama ya bamvu lakini mpira wa watoto utauona.

Bamvu nayo ina kasoro yake. Kuna hoteli ambazo maji yakijaa sana ufukwe wote unamezwa, mawimbi yanagonga ukuta wa bwawa. Uliza: "maji yakijaa ya bamvu, inabaki mchanga hatua ngapi?" Wakikujibu "ufukwe ni mzuri sana dada" hujajibiwa.

Mwezi gani mzuri?

Juni hadi Oktoba kumekauka na hakuna joto kali, ila Juni hadi Septemba ni kusi, inavuma, na Paje imejaa watu wa kuteleza na maparashuti yao, watatokea kwenye kila picha. Shela ndefu huo msimu ni vita. Desemba hadi Februari ni kaskazi, joto na jasho, maji mazuri, na bei za Krismasi na mwaka mpya zinapaa, Julai na Agosti vilevile. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi, Aprili mpaka Mei, hoteli zinashusha bei na nyingine zinafunga kabisa, na hiyo bei ina sababu. Vuli ni Novemba mpaka Desemba, mvua zake za kupita.

Mimi ukiniachia nachagua Oktoba mwanzoni, wakati wa maleleji, upepo umelegea na vuli haijaingia.

Ramadhani tunaweza?

Ndani ya hoteli inawezekana, lakini kisiwa ni cha Waislamu na mchana kula hadharani haifai, migahawa mingi ya nje imefungwa, muziki unashushwa, na wahudumu wako wamefunga. Mwaka 2026 inaanza katikati ya Februari, 2027 mapema Februari, yaani imekalia msimu wenu mnaoupenda. Ningesogeza.

## Mchanga, mawe au shamba

Tukifanya Mji Mkongwe badala ya ufukweni?

Naupenda kuliko ufukwe, nisiwafiche. Darini jioni, adhana zinapishana, majahazi yanapita mbele ya jua, milango ya nakshi kila kona, huhitaji mapambo mengi. UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, kwa hiyo usitarajie mtu akubomolee ukuta ili upate nafasi. Vichochoro havipitishi gari, keki inabebwa kichwani, na wageni wanatembea. Ngazi za nyumba za kale zimesimama wima na hatua hazilingani. Darini pengi hapabebi zaidi ya watu hamsini wakikaa.

Na yule anayetaka picha mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Masultani, ajue sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Bustani ya Forodhani pale karibu inatosha, au Ngome Kongwe kwa kibali.

Ufukwe unakuwa wetu peke yetu?

Hapana, ufukwe ni wa watu wote. Hoteli inakupa viti, siyo bahari. Watapita wavuvi, ng'ombe, Wamasai wa shanga, watalii na chupi zao. Kinachosaidia ni kuchagua hoteli iliyo mwisho wa kijiji na siyo katikati, na kuongea na watu wa kijiji mapema kwa heshima, kupitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Wakishirikishwa watakulindia wenyewe.

Bibi yangu hatembei vizuri. Mchanga ataweza?

Kiti cha magurudumu kwenye mchanga mkavu ni jembe, kinachimba tu. Nimeona wajukuu wanne wakimbeba bibi yao na kiti chake, watu wanashangilia, yeye anapunga mkono kama sultani, halafu usiku nikamkuta chumbani anasuguliwa kiuno. Tafuta hoteli yenye bustani ya majani au sakafu ya mbao inayotazama bahari, fungeni ndoa pale, mchangani muende nyinyi wawili na mpiga picha. Uliza pia choo kiko umbali gani na kina ngazi ngapi. Nikienda kukagua sehemu naanza na choo.

Shamba la viungo?

Zuri kwa chakula cha mchana cha siku ya kuwakaribisha wageni. Kwa harusi yenyewe, mbu na barabara ya udongo vinanikatisha tamaa.

## Pesa na mkataba

Pakeji ya hoteli inaonekana rahisi. Kuna nini nyuma yake?

Kwanza ni ya watu wangapi, maana nyingi za bei ya chini ni za maharusi wawili na keki ndogo. Pili, kodi. VAT ya Zanzibar ni asilimia 15, kuna na huduma, na kuna ushuru wa kila usiku kwa kila mgeni, uliza kama bei ina vyote. Tatu, wageni wasiolala hapo wanatozwa kuingia? Nne, harusi ngapi kwa siku? Kuna mahali nilikuta maua ya tao letu bado yana maji ya harusi ya saa tisa.

Naweza kuleta mpishi, dijei na vinywaji vyangu?

Hoteli nyingi zinakataa mpishi wa nje, dijei wanakubali kwa ada, vinywaji wanatoza kwa chupa. Waambie unataka pilau na biriani ya kienyeji, wengi wana mama wa kijijini anayepika vizuri kuliko mpishi mkuu na kofia yake, ila onja kabla. Kama hamtaki pombe kabisa iandikwe kwenye mkataba, na baa ya hoteli iliyo karibu na meza zenu wafanyeje iandikwe pia. Na muziki unazimwa saa ngapi? Vijijini saa nne au saa sita za usiku, inategemea kibali na jirani ni nani. Msikiti ukiwa karibu hilo halina mjadala.

Umeme ukikatika?

Utakatika labda dakika kumi, labda zaidi. Kisiwa kinapata umeme kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na wenyeji hatujasahau Desemba 2009 mpaka Machi 2010 tulivyokaa giza miezi mitatu. Usiulize "mna jenereta?" kila mtu anayo. Uliza inabeba nini, taa tu, au na jiko, viyoyozi na spika.

Siwezi kuja kukagua. Nifanyeje?

Tuma mtu asiye na faida na hoteli hiyo. Akipiga video apige saa ileile ya sherehe yako, siyo asubuhi, atembee kutoka geti mpaka choo mpaka bahari bila kukata, na anyamaze ili usikie kelele. Ukiweza kuja, lala usiku mmoja Jumamosi.

Kishika uchumba cha hoteli, yaani malipo ya awali, kiasi gani?

Asilimia 30 mpaka 50 ni kawaida. Lipa kwenye akaunti yenye jina la hoteli. Ukitumiwa namba ya simu ya "meneja" kwa sababu benki ina shida, simama hapohapo, nenda kwenye namba ya mapokezi uliyoitafuta mwenyewe na uulize. Kwenye mkataba angalia maneno mawili: kufuta na kuahirisha. Kuahirisha ndiko kutakuhusu zaidi, misiba ipo, na hoteli inayojiheshimu itakusogezea tarehe ndani ya mwaka bila faini.

## Makaratasi

Ndoa ya huku itatambulika nyumbani?

Ikifungwa kisheria na kusajiliwa, ndiyo, lakini cheti kitabidi kizungushwe mihuri, Mambo ya Nje na ubalozi. Nashauri wengi wamalize sheria wanakoishi, watu wanne na mashahidi, halafu waje huku kwa ibada na sherehe. Mkipanga kufungia bomani hukohuko kumbukeni siku za tangazo, Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara inataka siku 21, na ya Kenya ya 2014 vilevile angalau 21. Zanzibar ina utaratibu wake na msajili wake. Wageni hutakiwa kuleta barua ya kutokuwa na kizuizi cha ndoa, na aliyeachika au kufiwa alete karatasi halisi, picha ya kwenye simu haikubaliki.

Nikaha au kanisani?

Nikaha ni nyepesi zaidi kuipanga. Walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, awepo au atoe uwakala kwa maandishi, mashahidi, mahari, kadhi. Wengi wanafunga msikitini mjini baada ya Ijumaa au alasiri, halafu walima, karamu ya ndoa, hotelini. Kwa wanawake, usiku wa hina na kupamba tafuteni nyumba yenye ua, siyo ukumbi wa hoteli wenye wahudumu wanaume.

Kanisani, Minara Miwili ya Wakatoliki na lile la Waanglikana Mkunazini. Mtahitaji barua ya paroko wenu, mafundisho na kutangazwa, anzeni miezi sita kabla. La Mkunazini liko palipokuwa soko la watumwa, jiwe la msingi liliwekwa 1873, mwaka uleule soko lilipofungwa. Kuna maharusi wanaoona uzito wake na wanalitaka kwa sababu hiyo, na wengine hawalali. Ongeeni kabla ya kulipia.

Wageni wetu wanahitaji nini kuingia?

Mkenya na Mganda pasipoti, viza hawalipi. Mwingereza au Mjerumani dola 50, Mmarekani dola 100. Kadi ya homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, Uganda, Kongo, au aliyekaa transiti huko zaidi ya saa 12. Na kuna bima ya lazima ya Zanzibar kwa wageni wa nje, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima, ile bima uliyokata kwenu haichukui nafasi yake. Anayepitia Dar kwa boti ni kama saa mbili, msimu wa kusi asile chapati tatu kabla ya kupanda.

## Ya pembeni

Droni? Kibali kwanza, la sivyo inabaki uwanja wa ndege. Kodi droni ya mpiga picha wa hapa mwenye kibali chake.

Zawadi za wageni kwenye mifuko ya plastiki? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, Bara tangu 1 Juni 2019 na hapa Zanzibar kabla ya hapo. Vikapu vya ukindu vipo na ni vizuri zaidi.

Wageni wavae nini wakienda mjini? Mabega na magoti yafunikwe. Waandikieni kwenye kadi, msiwaachie wajifunze kwa macho ya watu.

Mvua ikija siku yenyewe? Sehemu ya ndani iandikwe kwenye mkataba kwa jina lake, na uione. Kwenye hoteli moja "ukumbi mbadala" ulikuwa chumba cha mazoezi, wakasogeza baiskeli. Na muamue mapema nani anatoa amri ya kuhamia ndani na saa ngapi, maana bibi harusi yuko kwenye kiti cha vipodozi na mama zake wawili kila mmoja ana mawingu yake. Mimi naikata saa nane mchana.

Nataka kufika kwa jahazi. Inawezekana? Inawezekana, ila rudi juu kwenye swali la maji kwanza. Nahodha anahitaji kina cha kufika karibu, na hata hivyo utashuka kwenye maji ya magoti, kwa hiyo gauni linapandishwa, viatu vinabaki mkononi, na kuna kijana wa kukushika mkono ambaye tumemlipa asikuachie. Nungwi ni rahisi zaidi. Jambiani nahodha wangu alinipa siku nne tu ndani ya mwezi mzima, na hakuangalia karatasi yoyote.